Daftari la mijusi

Nyumba yetu ya Mkuyuni imejengwa kama zinavyojengwa nyumba nyingi za vilima vya Mwanza: mwamba ulikuwapo kwanza, ukuta ukafuata. Nyuma ya jiko pana jiwe kubwa kuliko sebule yetu, na chini yake, pale maji ya mvua yanapotulia kabla ya kushika mfereji unaoteremka ziwani, pana kipande cha udongo mweusi kisichozidi mikeka minane ya kuswalia. Hapo ndipo mama mkwe wangu alipoanzisha bustani.

Alikuja kwetu kutoka Ukerewe baada ya kumaliza eda, akiwa na sanduku moja la bati na mbegu za mchicha alizozifunga kwenye pindo la kanga. Mwezi wa kwanza hakuwa na maneno ila salamu, dua na "nimeshiba." Siku moja baada ya swala ya alfajiri nikamkuta ameinama nyuma ya jiko, anang'oa magugu kwa mikono. Hakuomba ruhusa wala jembe. Wiki chache baadaye tulikula mchicha wake, na siku hiyo ndipo alipoanza kusimulia habari za marehemu baba mkwe bila kulia. Tangu hapo nimeihesabu bustani ile kuwa ni dawa yake, ingawa hakuna daktari aliyemwandikia. Alipanda matembele, figiri, mchicha na miche michache ya nyanya chungu. Jirani huja kununua mafungu, naye fedha huziweka katika kikopo ambacho hakuna anayethubutu kukigusa, kwa kuwa anasema ni sadaka ya mumewe.

Nayaeleza haya ili msomaji afahamu kwa nini mkia wa mjusi, usiozidi urefu wa kidole, ulikaribia kutuvurugia nyumba.

Ilikuwa Jumamosi ya mvua za vuli. Mwanangu wa kiume, ambaye yuko darasa la tano, alikwenda kufukua lundo la majani yaliyooza pembeni mwa bustani, akitafuta nyungunyungu wa chambo. Chini ya majani akatokea kiumbe chenye urefu wa kalamu, rangi ya kahawia, kinachong'aa kana kwamba kimepakwa mafuta. Kilikuwa na miguu minne, lakini midogo mno, kama iliyosahauliwa ikaongezwa baadaye. Na kilipokimbia hakikuitumia sana, bali kilijipinda ubavu kwa ubavu mithili ya samaki aliyetupwa mchangani. Mtoto alipiga kwa mpini wa jembe. Kiumbe kikazama udongoni, na mkia ukabaki juu, ukirukaruka peke yake.

"Pigo la kwanza!" nikamsikia akisema kwa sauti ya furaha. Sikuelewa maana yake, wala sikuuliza. Nilikuwa nachambua dagaa.

Ndani ya nusu saa kiumbe yule alikuwa amepata majina matatu. Mimi, bila hata kunyanyuka, nilisema ni mjusi kafiri na watu waendelee na kazi zao. Binti yangu, aliyemtangulia kaka huyu kwa miaka miwili, alikuja na kitabu cha wanyama cha maktaba ya shule, mojawapo ya vile vinavyoletwa kwa msaada kutoka Uingereza, akafungua ukurasa wenye picha ya mnyama laini, mwenye miguu minne na mkia, amelala juu ya majani yenye unyevu. "Mama, ni niuti," akasema, na kidole chake kikasoma maelezo: hupatikana bustanini, chini ya mawe na magogo, mahali penye majimaji. Kwa kweli maelezo yale yaliifaa bustani yetu neno kwa neno. Mama mkwe hakusema jina lolote. Aliutazama mkia, ambao ulikuwa bado unatikisika, akaketi juu ya jiwe, akavuta kanga kichwani.

"Huyu ndiye aliyemuua mdogo wangu," akasema.

Katika miaka yote niliyoishi na mwanawe sikuwahi kuisikia habari hiyo. Alipokuwa msichana wa miaka kumi au kumi na mmoja, huko Ukerewe, alikuwa shambani na mdogo wake wa kiume wakikusanya mabua ya kuchoma. Mtoto akapiga kelele akashika mguu. Watu walipokuja na kulifunua lile lundo waliona kiumbe kinachong'aa, chenye miguu midogo, kikizama ardhini. Mtoto hakufika magharibi. Kijijini wakasema ni yule mjusi anayeng'aa, na kwamba akimuuma mtu hapana dawa. Miaka sitini imepita, mama mkwe amelima mashamba mengi tangu hapo, na sikupata kumwona akiogopa kitu. Lakini siku hiyo hakuingia bustanini, wala kesho yake, wala kesho kutwa. Mchicha ukaanza kurefuka na kutoa maua. Usiku nilimsikia akiamka kuhakikisha kwamba kitambaa kimezibwa chini ya mlango wa chumba wanacholala watoto.

Mume wangu ni fundi wa simu, na kama mafundi wote anaamini kwamba kila tatizo lina kipuri chake. Jumatatu jioni alirudi na chupa ya dawa ya wadudu kutoka duka la pembejeo. Alisema atamwagia lundo lote na udongo wa kuzunguka, mama yake apate kulala. Nikaisoma karatasi ya chupa. Iliagiza kuvaa glavu, kutochuma mboga kwa siku kadhaa baada ya kupuliza, na kutoimwaga karibu na maji. Nikamwonyesha mfereji. Maji yake yanakwenda ziwani, na hatua mia mbili kutoka hapo watoto wa mtaa huogelea, akina mama hufua, na wengine huchota.

"Sasa unataka nimwambie mama yangu akae na kitu kilichomuua mdogo wake?" akaniuliza.

Sikuwa na jibu. Sikuwa hata na hakika ya kiumbe chenyewe. Nilimwomba siku mbili tu, naye akaiweka chupa juu ya kabati.

Usiku huohuo nilichukua mkoba wa madrasa wa mwanangu ili nishone jalada la juzuu yake lililokuwa limechanika. Ndani yake nikakuta daftari dogo lenye mistari ya penseli iliyonyooshwa kwa rula. Safu ya kwanza ilikuwa tarehe, ya pili mahali, ya tatu pigo, ya nne thawabu. Mijusi kumi na saba. Kumi na wawili waliandikiwa "jiweni." Wanne waliandikiwa "ukutani" au "chooni." Kwa pigo la kwanza alijiandikia mia moja. Kwa la pili alijiandikia hamsini, na kwa la tatu ishirini na tano, nadhani kwa makadirio yake mwenyewe. Mstari wa mwisho ulisema: bustanini, amekimbia, mkia tu, na katika safu ya thawabu aliweka alama ya kuuliza. Chini kabisa palikuwa na jumla: 1,175.

Nilikaa na daftari lile mapajani kwa muda mrefu. Nitakuwa mwongo nikisema nilihuzunika tu. Kwanza nilitaka kucheka, kwa sababu hesabu ilikuwa sahihi na huyu ni mtoto ambaye mwalimu wake wa hesabu hulalamika kila muhula. Kisha nikaikumbuka ile sauti ya furaha, nikawakumbuka wale kumi na wawili wa jiweni. Nikajua sasa kwa nini mwaka huu jiwe letu lilikuwa tupu.

Asubuhi mume wangu, kabla ya kwenda kibandani, aliutoa mkia katika kopo la Blue Band alimouhifadhi binti yetu, akauweka kwenye karatasi nyeupe, akavaa ile lenzi yake ya jicho anayotazamia saketi za simu. Alitazama kwa kitambo. Kisha akanipa. Kwa macho matupu mkia ule ulikuwa laini kama ulimi. Chini ya lenzi ulikuwa umepangwa magamba, safu juu ya safu, kila moja limelalia jingine kama vigae vya paa, na katikati ya magamba mengi palikuwa na doa jeusi dogo. Sijapata kuona kazi nadhifu kama ile. Binti akaja, akatazama, akarudi kwenye kitabu chake, akasoma tena, uso wake ukashuka.

"Niuti hana magamba," akasema.

Mtaa wa pili kutoka kwetu anaishi mwalimu wa baiolojia wa sekondari. Ni mtu wa makamo, mpole, ambaye hana sifa mtaani ila ya kuokota vitu. Nilimpelekea kopo. Alitabasamu kabla sijamaliza kueleza, akaingia ndani, akarudi na kitabu kinene cha reptilia wa Afrika Mashariki, kile cha mwaka 2002 kilichoandikwa na Spawls na wenzake, mmoja wao akiwa Kim Howell aliyefundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini hakukifungua. Alisema mkia ni ushahidi mzuri, ila angependa kumwona mwenye mkia.

Alasiri alikuja na ndoo. Mama mkwe alisimama kwenye mlango wa jiko, mkono mmoja umeshika fremu. Mwalimu akamsalimia, "Shikamoo, mama," akasubiri aitikiwe, kisha akalifunua lundo taratibu kwa mikono, jani baada ya jani, kama mtu anayefunua kitabu kilicholowa. Mijusi wa namna hii, alisema, hawatembei mbali. Wakikuta mahali penye mchwa na udongo mlaini hukaa hapohapo. Haikuchukua robo saa. Alimtoa kiumbe wetu akiwa na kigutu mahali pa mkia, akamshika kati ya vidole viwili, kwa upole, kichwa kikichungulia.

Hapo ndipo tulipopata darasa ambalo ningependa kila mzazi alipate, kwa kuwa ni rahisi. Salamanda, ambao niuti ni ukoo mmoja wao, ni ndugu wa chura. Ngozi yao ni tupu na yenye unyevu, haina gamba hata moja. Vidole vyao havina kucha, na katika miguu ya mbele kwa kawaida ni vinne. Hawana tundu la sikio. Niuti hutaga mayai majini, na watoto huanza maisha kwa kuvuta pumzi kwa mashavu kama samaki. Huyu wetu alikuwa na vidole vitano kila mguu, vimekonda kama uzi, na kila kidole kina ukucha. Nyuma ya taya palikuwa na tundu dogo la sikio. Na alifumba macho. Jambo hilo la mwisho lilinishangaza kuliko yote: alikuwa na kope, akazifumba kama mtoto anayejifanya amelala.

"Kope hizo zinamtoa pia katika mjusi kafiri," mwalimu akasema, akinitazama mimi. "Mjusi kafiri wa ukutani hafumbi macho, huyasafisha kwa ulimi. Na vidole vyake vina viganja vya kunatia ukutani. Huyu ukimweka ukutani ataanguka."

Basi binti yangu alikosea, nami nilikosea, na tofauti kati yetu ni kwamba yeye alifungua kitabu. Mwalimu alimfariji. Alimwambia kwamba kitabu chake ni cha kweli, ila ni cha kweli huko kilikoandikiwa. Katika bara zima la Afrika salamanda wanapatikana kaskazini tu, nchi za Morocco, Algeria na Tunisia. Kusini mwa jangwa la Sahara hakuna. Amfibia wetu ni vyura, na katika milima kama Usambara na Uluguru wapo pia wengine wasio na miguu kabisa, wanaofanana na nyungunyungu wakubwa. "Ungempata niuti Mkuyuni," akasema, "ningewaita watu wa magazeti kabla sijanywa chai."

Kisha akafungua kitabu. Kiumbe wetu ni wa jamii ya skinki, mijusi wenye magamba laini yanayong'aa. Aina aliyoiona kuwa ndiyo ni ile iitwayo kitaalamu Mochlus sundevallii, jina linalomkumbuka Sundevall, mtaalamu wa wanyama wa Sweden wa karne ya 19. Pua yake ni bapa kwa ajili ya kuchimba, miguu yake ni mifupi kwa sababu maishani mwake huipenya ardhi zaidi kuliko kuikanyaga. Anakula mchwa na wadudu wengine. Mkia huuacha kwa adui kwa makusudi. Ule mkia ukirukaruka adui hushughulika nao, naye mwenyewe hujiokoa. Baadaye huota mwingine, japo hauwi kama ule wa kwanza.

"Na sumu?" mume wangu akauliza.

"Hana. Hana meno ya sumu wala tezi yake. Katika mijusi wote wa Afrika Mashariki hakuna hata mmoja wa kumuua mtu kwa sumu."

Kimya kikaingia. Sote tulijua swali lililofuata ni la nani. Mama mkwe aliliuliza kutoka mlangoni, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Basi ni nani aliyemuua?"

Mwalimu alimrudisha mjusi ndani ya ndoo kwanza. Akasema, "Mama, sikuwapo, na aliyekuwapo ni wewe. Lakini lundo la mabua huwa na wakazi wengi. Nyoka humfuata huyu ili amle. Akiuma, huondoka kimya. Watu wakija, anayeonekana ni huyu, kwa kuwa anang'aa na anahangaika."

Mama mkwe akaingia ndani. Nilifikiri amekasirika. Nilipochungulia alikuwa anatandika msala, na haikuwa wakati wa swala.

Ilibaki habari ya daftari. Nilikuwa nimeificha kwa mume wangu siku nzima, kwa sababu najua mkono wake. Baada ya alasiri nilikwenda madrasa na ndoo yangu, nikamsubiri ustadh hadi alipowaruhusu watoto, nikamwonyesha daftari kwanza na mjusi baadaye. Alisoma mistari yote kumi na saba. Alipofika kwenye jumla alivua kofia, akaivaa tena.

Akaniambia kuwa somo alilifundisha yeye, na somo lenyewe ni sahihi. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ummu Sharik kwamba Mtume (S.A.W.) aliamrisha kuuawa kwa wazagh, na katika Sahihi Muslim kuna riwaya ya Abu Huraira inayotofautisha malipo ya pigo la kwanza, la pili na la tatu. Wanazuoni wameeleza sababu zaidi ya moja ya tofauti hiyo, na mojawapo ni ihsani: anayelazimika kuua aue mara moja, asimwache kiumbe akiteseka. "Mtoto amesikia hesabu," akasema, "ihsani hakuisikia. Au mimi sikuisema kwa sauti ya kutosha."

Kisha akaitazama ndoo. Naomba msomaji asikilize alichosema, kwani mimi sijawahi kumsikia mtu wa elimu akisema hivyo. Alisema, "Mimi nalijua neno katika kitabu. Mnyama wenyewe simjui vizuri." Sisi katika darasa, akaendelea, tunalo neno moja, mjusi, tunalitupia kila chenye miguu minne na mkia. Waarabu wana wazagh, naye ni huyu wa kuta za nyumba, wana hirbaa, yaani kinyonga, wana waral, yaani kenge, na wana dhabb, mjusi mkubwa wa jangwani, ambaye aliletwa kwenye chakula mbele ya Mtume (S.A.W.), yeye hakumla kwa kuwa hakumzoea katika ardhi ya watu wake, wala hakumharamisha, na Khalid bin Walid akamla palepale. Mtu akiyatia majina yote hayo katika neno moja la Kiswahili, hukumu ya mmoja itaangukia ukoo mzima. Nikamweleza yale ya kope na viganja. Akamshika mjusi mwenyewe, jambo ambalo sikulitarajia, akamgeuza, akatazama vidole.

"Huyu si yule," akasema.

"Na wale kumi na wawili wa jiweni?"

Wale alikuwa anawajua, kama anavyowajua kila mkazi wa Mwanza. Ni wale mijusi wa mawe ambao dume lake lina kichwa na mabega mekundu na mwili wa buluu, na jike ni la rangi ya udongo. Huota jua juu ya miamba ya mji mzima. Nitasema hapa nilichoambiwa na mwalimu, kwa sababu nimeishi Mwanza maisha yangu yote bila kukijua: mnyama huyu kitaalamu anaitwa Agama mwanzae, yaani wa Mwanza. Aliyempa jina hilo ni Arthur Loveridge, Mwingereza aliyefanya kazi Tanganyika kabla ya kwenda kwenye makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard, naye alimwandika mwaka 1923. Anaishi pia Serengeti na upande wa Kenya, na wageni humpiga picha wakimfananisha na Spider-Man kwa rangi zake. Lakini jina analobeba ni la mji wetu. Mwanangu alimwona adui kwa sababu mwenzake wa mtaani alimwambia kwamba anapoinua na kushusha kichwa huwa anawakejeli wanaoswali. Huinua na kushusha kichwa kuwaonya madume wengine wasiingie eneo lake, na kuwavuta majike.

Ustadh alikuja nyumbani usiku huo baada ya isha. Alikaa na mtoto kwenye mkeka ukumbini, nami nikawa mlangoni. Hakumfokea. Alimsimulia jinsi Ibn Umar alivyopita kwa vijana waliomfunga ndege wakimlenga kwa mishale, na kwamba walipomwona walitawanyika, naye akawaeleza laana iliyomo katika kukifanya chenye roho kuwa shabaha. Mtoto alisikiliza, vidole vya miguu vimekunjwa. Kisha akauliza lile ambalo nilikuwa nimeliogopa tangu nilipolifungua daftari.

"Ustadh, wale kumi na wawili, nitaulizwa?"

Ningependa kuandika kwamba ustadh alipata neno la kumliwaza. Alisema kwamba yeye mtoto bado hajabaleghe, na kalamu haijaanza kumwandikia. Akasema kwamba Allah (S.W.) anajua nia yake ilikuwa ni kumtii. Akanyamaza. Halafu akasema kwamba aliyemfundisha nusu ya somo amekwisha kubaleghe zamani, na kwamba hata yeye usiku huu ataomba msamaha. Nikaona mwanangu akimtazama kwa macho mengine, kana kwamba ameambiwa siri ya watu wazima.

Wale wanne wa ukutani hawakuzungumzwa sana. Hukumu yao inajulikana, na nyumbani kwetu hatukuibadili. Mtoto aliniuliza siku ya pili mbona basi mjusi kafiri naye anakula mbu. Nikamwambia hilo ni swali la ustadh.

Mjusi tulimrudisha kwenye lundo. Chupa ya dawa mume wangu alijaribu kuirudisha dukani. Mwenye duka hakukubali, basi iko juu ya kabati, nyuma ya masanduku, imefungwa ndani ya mifuko miwili. Mama mkwe alikaa siku nne zaidi bila kushuka bustanini. Siku ya tano niliamka nikasikia mlio wa mpini ukigonga jiwe: ko, ko, ko. Alikuwa amesimama mbele ya lundo, jembe mkononi.

"Pisha," alisema. "Nimekuja kuchuma." Akangoja kidogo, kama mtu aliyebisha hodi, kisha akainama kwenye matembele. Mpaka leo hufanya hivyo kila asubuhi. Sijui kama alimwamini mwalimu. Nilimsikia mara moja akimwambia jirani kwamba yule hana neno, ila ana wageni wabaya.

Daftari ninalo mimi. Mwanangu hajaliulizia. Juzi, jioni, alinijia jikoni akauliza kama wale wa jiweni walikuwa na watoto. Nikamwambia hawazai, hutaga mayai, na huyafukia udongoni. Akauliza wapi. Nikamwonyesha ule upande wa jiwe unaopata jua la asubuhi, penye mchanga mkavu. Akaenda akachuchumaa pale, mikono ameikumbatia magotini, asiguse kitu, mpaka muadhini alipoadhini magharibi.